Taa Nyekundu Mezani Kwetu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na lile goti limepoa. Mimi sijambo. Dada ameniandikia kwamba umeninunia kwa sababu ya simu. Vumilia kidogo mama, nitafika huko.

Kiwandani tumepata fundi mpya wa kushona. Ni kiziwi, na mkono wake mwepesi ajabu. Kola akiishona yeye, huoni mshono ulipoanzia. Tukambandika jina la Bibi Kola. Msimamizi akamkalisha ubavuni mwangu, akaniagiza kengele ya chakula ikilia nimguse bega. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, aniachie mimi.

Basi siku ya kwanza tukashona, tukashona, mpaka tumbo likaanza kunisema. Kuinua kichwa, lo! Ukumbi mtupu! Wenzetu ndio kwanza wanarudi wakijifuta midomo, wakatucheka mpaka basi. Nikasingizia kazi ilikuwa imenikolea. Kesho yake, yale yale. Msimamizi akafoka kwamba namshindisha mwenzangu na njaa, na kwamba kama hakuna wa kumsaidia, itabidi ahamishiwe stoo kufunga mizigo.

Mama, roho iliniuma. Mikono ile ikafunge maboksi kwa ajili ya uoga wangu? Nikasimama mbele ya wote, nikasema kweli: masikio yangu yamefifia, maneno nayasoma midomoni mwa watu, na kengele siisikii. Nilizoea kumtazama jirani yangu, akiinuka nami nainuka. Sasa jirani ni Bibi Kola, na kumbe naye alikuwa ananitazama mimi!

Nilidhani kazi ndiyo imekwisha. Msimamizi akacheka mpaka akakaa chini, akajilaumu kwa kutouliza mapema. Fundi umeme akatufungia taa nyekundu, inawaka kengele ikilia. Siku hizi tukitoka kula Bibi Kola anatufundisha sote lugha ya alama, na msimamizi ndiye mbumbumbu wa darasa.

Sasa unajua, mama. Sikukwambia kwa kuogopa utalia. Dada anasema siku ile uliniuliza kwenye simu kama nimekuchoka, nami nikajibu ndiyo mama, ndiyo, nikakata. Jamani! Sikuwa nimesikia hata neno moja. Nisamehe.

Usinipigie, niandikie. Nataka maneno yako yote, hata ya kunigombeza. Na lile swali niulize tena kwa kalamu, nipate kulijibu vizuri.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mimi kitinda mimba wako,
asiyekuchoka.