Mama Mkwe wa Waya

Jumatatu, 3 Machi

Amekamilika! Mama mkwe wangu mzima mzima, kwa waya mmoja mweusi usiokatwa popote — kuanzia kilemba hadi kidole cha mguu. Amekaa kwenye cherehani, anatunga uzi kwenye sindano ya mkono. Nimemtundika sebuleni, upana wa kiganja kutoka ukutani. Jua la asubuhi likampiga, kivuli kikalala nyuma yake. Ukiwa mlangoni unaapa ni penseli. Ukisogea, pua inakufuata!

Mume wangu karudi na mkate, akasimama. Umemchora mama? Akanyoosha kidole kugusa, akakirudisha haraka. Kisha: mwenyewe anajua?

Nikajifanya nafuta koleo.

Hajui. Nilimwibia sura Jumapili zote nne alizokuja kutupindia mapazia.

Jumatano, 5 Machi

Ofisi ya maonyesho ya sanaa, nimempeleka mama wa waya ashindanishwe. Fomu ina visanduku viwili: Michoro, Sanamu. Karani wa michoro kasema hii ina mgongo, kwa hiyo si mchoro, nenda dirisha la pili. Wa dirisha la pili kaigeuza ubavu. "Mbona haina tumbo?" Eti sanamu lazima ijaze mahali. Nimepigwa danadana saa nzima! Mwisho akatokea msimamizi wa ukumbi, baba mfupi mwenye miwani iliyopanda kwenye paji la uso. Kaiinua kwenye mwanga, kaizunguka, kacheka peke yake. Akaweka alama visanduku vyote viwili na kugonga muhuri.

Nimeshuka ngazi mbili mbili. Na miaka yangu arobaini na moja!

Ijumaa, 7 Machi

Wifi yangu mdomo hauna kufuli. Kamwambia mama. Mama kauliza swali moja tu — humo amevaa nini? — halafu kakata simu. Ni heri au shari? Mume wangu anasema mama akinyamaza ujue anapika jambo. Asante sana, mume wangu.

Kusema kweli naogopa. Miaka tisa kwenye familia hii, na kwa wateja wake bado ananitambulisha hivi: "Mke wa mwanangu, anachezea waya." Wala hasemi kwa ubaya. Ndiyo maana inauma zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Mama hakuja. Pazia la mwisho limebaki na pini.

Jumanne, 11 Machi

Ukumbini. Majaji walikuwa wapite saa nne. Saa tatu na nusu — nani mlangoni? Mama mkwe! Gauni la kuendea harusini, mkoba kwapani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," huku anaangalia ukuta.

Akasogea mpaka pua ya kweli ikakaribia kugusa ya waya. Kushoto. Kulia. Nikajiandaa kuitetea ile pua.

"Mkono siyo," akasema.

"Mama?"

"Sindano haishikwi hivyo, itakutoboa. Kidole cha shahada kinarudi nyuma, gumba linatangulia. Miaka tisa unanitazama, hujaona?"

Kweli tupu. Uso niliutazama, mikono niliikisia. Aibu! Nikaanza kujieleza, akanyoosha kiganja. "Nipe hilo dude lako." Koleo. Na mimi nikampa! Dakika ishirini kabla ya majaji! Msimamizi akatazama saa yake.

Akapinda. Taratibu, ncha ya ulimi imechungulia kati ya meno. Waya ukalia — tik. Kidole kikarudi nyuma, na mkono mzima ukapata uhai, kama umevuta pumzi. Kivuli nacho ukutani kikashika sindano sawasawa.

"Sasa ndiyo mimi," akasema. Akaanza kidole cha pili.

Nilitaka kumkumbatia. Nikashika tu mkoba wake.

Majaji wakaingia, watatu. Mama hata hakugeuka. Mwenye daftari akanong'ona: msanii ni yupi hapa? Msimamizi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama mama, koleo mkononi, kafumba jicho moja.

"Samahani," nikasema, "hatujamaliza."

Naandika nikiwa kwenye benchi. Majaji bado wamesimama. Sasa hivi mama kamwambia mwenye daftari asogee, anamzibia mwanga. Kasogea! Na mama ananiita — nikashike upande ule, waya usicheze.