Ree ya Uru Niliyoibana

Morogoro Mjini,
Jumapili

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo umepoa, na Mama kikohozi kimemwacha. Mimi sijambo.

Yule aliyekufukuzisha kazi klabuni ndiye meneja wangu hapa kiwandani. Nilikuficha nikiogopa ungeniita nirudi Tunduru. Miezi mitano namwandikia barua zake, naye ananiita Karani tu, jina hajauliza. Sasa kiwanda kinauzwa, na orodha ya watakaopunguzwa anaiandaa yeye.

Jana mchana nilimpelekea barua klabuni. Mvua ilikuwa imemkwamisha mhandisi wanayecheza naye huko Kinole, wakabaki watatu kwenye meza ya briji, karata za watu wanne.

"Karani, unajua kushika karata?"

"Kidogo, mzee."

"Basi kaa. Usitutie aibu."

Akatangaza tatu bila turufu, yaani atakula mara tisa. Mwenzake akalaza karata zake mezani: uru tano nzito, na hakuna njia nyingine ya kurudi upande ule ila uru hizohizo. Baba, nilizitambua. Zilifanana na zile ulizonisimulia, za siku aliyoshindwa akadai kwamba wewe, uliyekuwa ukimimina chai nyuma yake, umechungulia na kumpa mpinzani ishara.

Ree ya uru, inayozila uru zote, ilikuwa kwangu.

Akacheza uru, nikatoa ndogo. Akacheza tena, nikatoa ndogo. Akacheka: "Jamani, Karani anaogopa hata kula!"

Kuogopa niliogopa, lakini si karata. Mara ya tatu nikala. Mkononi mwake uru zilikuwa zimekwisha. Mbili zilizobaki mezani akawa anaziangalia kama machungwa ya jirani. Akaishia saba.

Akageuka ghafla kutazama nyuma. Hapakuwa na mtu. Chai ilikuwa haijaletwa.

"Nani kakufundisha?"

"Baba yangu, Athumani. Alikuwa akiwamiminia chai hapa."

Mwalimu mstaafu niliyecheza naye, ambaye siku ile yako pia alikuwepo, akasema taratibu, "Kumbe zinashindwa hata bila ishara. Mzee wa watu hakuchungulia."

Meneja akaanza kukusanya karata, macho chini. Baba, nilitaka aone haya mbele ya walewale waliokucheka, na ameona. Nilimtazama mpaka nikashiba.

Kesho orodha inabandikwa. Usiku sikulala, lakini sijutii. Wewe walikutoa kwa mlango wa jikoni. Mimi wakinitoa, nitapitia wa mbele.

Nisalimie Mama, shangazi anayekukanda mgongo, na mdogo wangu Salima. Mwambie asiache shule.

Ni mimi mwanao, ambaye leo naliandika jina lote,
Rajabu Athumani