Rundo Nililolichoma Bila Kuligonga

Kogo,

Tangu tukuzike, nyanya yangu, kando ya mti wa avokado sikuwa nimeingia jikoni mwako. Leo nimeingia kuchukua fimbo yako, ndiyo maana nakuandikia.

Mjukuu wako amekuficha jambo. Siku ile ya kuandaa boma kwa mazishi yako, majirani walikuja na mapanga na slasha, wakafyeka mpaka karibu na shamba la chai. Mahema yalihitaji nafasi. Mjomba akaniuliza lile rundo la mabua ya mahindi kando ya ua lifanywe nini. Nikamwambia, "Choma tu."

Mimi, Kogo. Mimi ambaye ulinifundisha nikiwa mdogo kugonga rundo kwa fimbo, upande huu kisha ule, halafu kungoja. "Usiwashe kwanza," ulikuwa ukisema. "Kuna watu wamelala hapo." Tulingoja mpaka kalunguyeye akatoka akijikokota na miiba yake, amenuna kwa kuamshwa, nawe ukacheka mpaka ukakaa chini.

Siku ile hakuna aliyegonga. Akili yangu ilikuwa kwenye masufuria na viti vya kanisa. Moto ulipokolea nilisikia mlio mwembamba, nikajiambia ni mabua mabichi. Nilijua si mabua. Jioni nilichakura majivu nikawapata, mkubwa mmoja na wadogo wawili, wamejikunja. Niliwafukia kwenye mstari wa mwisho wa chai kabla mtu hajaona, nikanawa mikono. Kesho yake nilisimama kando ya jeneza lako nikasimulia jinsi ulivyowapenda viumbe wadogo. Watu wakalia. Naona aibu mpaka leo.

Tangu hapo nakusikia. Asubuhi, ukungu ungali juu ya chai, nikifunga kikapu mgongoni, fimbo inagonga kule kwenye ua. Ko. Ko. Kisha kimya, kama mtu anayengoja. Nikienda simkuti mtu. Mama anasema ni tawi linalopigwa na upepo. Hakuna mti pale, ni ua wa vichaka tu.

Nimejaribu kukuridhisha. Shimo la maji nimeliwekea ubao, anayetumbukia apande. Wavu wa sukuma wiki nimeuinua kidogo kutoka chini wasinaswe. Sumu ya panya nimeikataa, na Mama bado amekasirika. Hukuacha kugonga.

Juzi tulikata ua, nikayarundika matawi palepale. Leo nimeligonga rundo hilo kwa fimbo yako, pande zote, nikangoja. Hakutoka mtu. Nikakaa chini. Jua lilikuwa limefika kwenye buti zangu pua ilipochungulia. Mmoja tu, mdogo, amenuna vilevile. Sikucheka, Kogo. Nililia.

Rundo hilo sitalichoma, na hakuna atakayelichoma nikiwa hai. Fimbo itakaa mlangoni kwangu. Kwaheri, Kogo wangu. Lala sasa, usiamke tena mapema kwa ajili yangu. Kesho asubuhi ukisikia mtu akigonga kule kwenye ua, ni mimi.

Chebet