Picha ya Kongwe Nyuma ya Shamba la Mama Buya

Garsen

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi kivulini, miguu haijavimba na sukari imetulia. Na baba je, kifua kimemwachia? Mimi mwili wangu ni mzima, alhamdulillahi. Nakula, nalala, dukani naenda. Ila juzi uliponipigia ukaniuliza, "Mbona sauti yako hivyo?" nikasingizia mafua. Hayakuwa mafua, mama. Kwenye simu ningelia, nawe ungelia, na jambo lisingesemeka. Ndiyo maana nimeandika.

Kazi yangu waijua: duka la dawa za mifugo na mbegu. Huyu mfugaji ataka dawa ya kupe, yule mkulima ataka mbegu za kunde, wote wapanga foleni moja. Tajiri wangu alifungua kundi la WhatsApp la wateja, akanikabidhi mimi. Dawa ikifika naandika, mbegu zikiisha naandika.

Mwaka huu jua limetuchoma. Ukitoka nje ya mji ni vumbi tu, na ng'ombe wanaopita ni mifupa inayotembea. Lakini kando ya mto, kwenye shamba la Mama Buya, udongo ulikuwa bado na unyevu. Mama Buya ni mkulima wa Kipokomo, mjane wa rika lako, na ni mteja wangu wa siku nyingi. Nyuma ya kunde na mahindi yake kuna ukanda mwembamba wa majani unaoshuka hadi majini. Huko ndiko nilikokuwa nikienda alfajiri, kabla ya kufungua duka.

Utacheka. Nilinunua lenzi ndogo ya kubana kwenye simu, ile inayokuza kitu cha karibu mpaka mguu wa sisimizi uonekane una vinyweleo. Nikaanza kupiga picha maua ya porini yakiwa bado na umande. Nilitandika gunia, nikalala kifudifudi, nikazuia pumzi, maana hata pumzi yatikisa tone. Jua likichomoza kwa upande, kila tone lawaka, na ndani yake waona mbingu imepinduka chini juu. Halafu jua likipanda kidogo tu umande wakauka, na kazi imekwisha.

Mara ya kwanza Mama Buya alinikuta nimelala hivyo, akapiga kelele, akidhani nimeanguka kifafa. Nilipomwonyesha kwenye simu akakaa chini palepale kwenye majani mabichi.

"Hii ndiyo kongwe? Gugu hili ninalong'oa kila siku?"

"Ndiyo hiyo, mama."

"Nimeing'oa maisha yangu yote, sijaiona."

Tangu siku hiyo alinizoea. Alinichemshia chai, akanionyesha mahali maua yalipojificha, yale meupe madogo chini ya migomba, yale ya njano ukingoni mwa maji. Mama, kwa mara ya kwanza tangu nije huku nilijiona nina kwetu.

Asubuhi moja nilipata picha ambayo sijawahi kupata mfano wake. Ua la kongwe, buluu tupu, limebeba matone kama shanga, na nyuma yake kijani kilichofifia kama moshi. Nilifurahi nikashindwa kukaa nayo peke yangu. Nikaituma kwenye lile kundi la wateja, nikaandika chini yake: "Asubuhi njema kutoka nyuma ya shamba la Mama Buya." Watu wakanitumia mioyo na vidole gumba. Nikaenda kufungua duka.

Haikupita muda, ng'ombe wakaja. Walitoka mbali, wengi, wakiwa na kiu ya siku na siku, na waliponusa mto hakuna fimbo iliyoweza kuwazuia. Walipita kwenye ule ukanda wa maua, wakaingia kwenye kunde, wakaingia kwenye mahindi, wakavunja migomba. Nilipofika nilikuta matope na mabua. Vijana wa kijijini walikuwa wamekusanyika na mapanga, na wachungaji upande wa pili wameshika fimbo zao. Watu wa huku wana kumbukumbu ambazo sitaki kuziandika. Wazee wa pande zote mbili walisimama katikati mpaka jua likawa kali, wakawatuliza. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini shamba lilikuwa limekwisha.

Nilimpa pole Mama Buya kama walivyompa wengine. Wallahi sikujua.

Nilijua baadaye, dukani. Mama Buya alikuwa amekuja kuchukua mbegu za kupandia upya. Akaingia Abdinoor, mfugaji wa Kisomali, mtu mpole ambaye huninunulia dawa ya minyoo. Ameshika kibuyu cha maziwa, uso wote tabasamu.

"Dada Mwanasha, hii yako. Mungu akulipe."

"Maziwa ya nini, Abdinoor?"

"Picha yako. Mimi naona ile ua kwa simu, naambia ndugu zangu, ua hii haikai mahali kavu, pale iko majani. Ndama zangu zilikuwa zinakufa. Sasa zinasimama."

Hakuwa na ubaya, mama. Ng'ombe walikuwa wamepelekwa na ndugu zake, yeye hakuliona shamba, wala hakumjua aliyesimama kando yangu. Mama Buya aliweka pakiti ya mbegu juu ya kaunta, polepole, kama kitu kinachovunjika. Akaniangalia. Akatoka.

Nilifuta picha. Nilifuta zote. Kufuta kulisaidia nini?

Abdinoor alipoelezwa alishika kichwa. Siku ya kikao cha wazee alileta mtamba, ng'ombe jike mzuri mwekundu, akamkabidhi Mama Buya mbele ya watu na kumwomba radhi. Mama Buya alipokea kamba, akashukuru, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Na mimi nitamlisha nini?"

Jioni ile nilimfuata kwake. Nilimwambia nilichofanya, nikamwambia sikukusudia. Alikuwa akichambua mchele, hakuinua macho.

"Najua hukukusudia. Ng'ombe nao hawakukusudia."

"Niruhusu nije tulime pamoja."

Aliokota kijiwe kwenye mchele, akakitupa nje. "Njoo," akasema. "Simu uache nyumbani."

Sasa mto umepanda kwa mvua za bara, ukashuka, ukaacha tope laini shambani. Tope hilo halingoji. Lisipopandwa sasa litakauka, na Mama Buya atakaa na njaa mpaka maji yapande tena, yakipanda. Likizo ambayo tajiri alinipa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu Mishi, nimeanza kuitumia shambani. Mama, sitakuja harusini. Nimelizunguka neno hilo tangu mstari wa kwanza.

Twalima, yeye mwanzo wa tuta, mimi mwisho. Chai bado hanipi. Simlaumu.

Nisalimie baba, umwambie aache sigara. Nisalimie shangazi mshona nguo, najua gauni langu amekwisha kulikata. Amvalishe binti yake, miili yetu ni sawa. Kaka mkubwa nampa pole kwa mzigo wa shughuli nzima kumwangukia yeye. Bibi umbusie mikono.

Na Mishi mwenyewe mwambie taratibu, ukiwa umemshika. Alitaka picha zake za harusi nizipige mimi, si mtu mwingine. Mtafutieni mpiga picha, mama. Mwambieni asimame karibu naye, asiogope kumsogelea.

Ni mimi mwanao, mikono imejaa malengelenge,

Mwanasha