Jiwe la Kabula

Alhamisi, mwisho wa Septemba, 1936

Upepo umevuma tangu alfajiri na vumbi limeingia mpaka kwenye sukari. Mvua za kwanza bado mwezi na zaidi. Mbuga yote imekauka, na tangu wafyeke pori kule upande wa kaskazini ili kuua mbung'o, hakuna hata mti wa kuuzuia upepo. Nimekaa barazani na daftari hili kabla jua halijazama. Milembe, mke wangu, yuko jikoni anasonga ugali. Nasikia mwiko ukigonga sufuria.

Nina la kuungama, nami naliweka kwenye karatasi.

Mimi ni mwongo.

Si mwongo wa kuiba wala wa kusingizia watu. Ni mwongo wa kazi. Tajiri yangu alijenga nyumba hii ya mapumziko ng'ambo ya Mhunze, mwendo wa saa tatu kwa lori, mahali ambapo hata mbuzi hujiuliza amefuata nini. Akaniweka niwapokee wageni na kuwatembeza, kwa sababu nimesoma Tabora, na kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, ulimi wangu hauna mfupa. Wageni wanakuja kweli. Wanakuja wafanyabiashara wa Shinyanga na wake zao, makarani walio likizoni, na tangu dhahabu ishike moto kule Geita, wanakuja wachimbaji waliobahatika, wanaotaka kukaa siku chache mahali ambapo hakuna mtu anayechimba kitu.

Siku ya kwanza huwapandisha punda mpaka kwenye uwanda wa magadi. Ni mweupe hadi macho yanauma. Watu wazima wenye heshima zao huvua viatu pale na kukimbizana. Siku ya pili huwafuata mbuni. Mbuni wakitimua mbio wageni hucheka, nami hucheka nao ingawa nimeshawaona mpaka nimechoka nao. Baada ya mavuno kuna ngoma, na wacheza nyoka huja na majoka yao shingoni. Jioni ni bao na kahawa.

Taabu ni siku ya tatu.

Siku ya tatu hapa hakuna kitu. Kuna mawe. Mwaka juzi mke wa mfanyabiashara mmoja, mama mnene mwepesi wa kuchoka, alikaa kwenye kivuli cha jiwe kubwa lililopasuka katikati, akajipepea, akaniuliza, "Na hili, Bwana Rajabu, lina nini?" Upepo ulikuwa unapita ndani ya ufa, na ukipita pale hutoa sauti kama ya mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Ningesema ni upepo na kazi ingekwisha. Lakini mimi nikaanza hadithi.

Nikasema zamani palikuwa na mwanamke asiye na mtoto. Kila jioni alikuja kukaa ndani ya ufa huu akilia. Jiwe likamwonea huruma, likawa linambembeleza. Mwaka ulipogeuka akapata binti, akazaliwa siku ya mvua ya kwanza, wakamwita Kabula, kama Wasukuma wanavyomwita binti wa siku za mvua. Tangu hapo jiwe halijanyamaza. Linamwimbia Kabula alale.

Yule mama alilia. Mumewe akanishika mkono mara mbili. Nikajiona fundi.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu kama reli. Haikupita miezi mingi nikamkuta Masanja, mwenye punda, Msukuma wa hapa hapa ambaye siku ile alikuwa kando yangu ameshika kamba, anawaeleza wageni kwamba hadithi hiyo alipewa na babu yake. Kisha akanigeukia mimi, kana kwamba sijui kitu: "Babu alimwona huyo Kabula kwa macho yake, Bwana Rajabu. Alikuwa ameshakuwa bibi kizee." Nilimtazama nione kama ananitania. Hakuwa ananitania.

Halafu wanawake wa vijijini wakaanza kuja. Huacha unga wa mtama ndani ya ufa, na pengine shanga moja mbili. Mmoja alinipa shikamoo mbele ya watu, mwanamke wa umri wa mama yangu, eti kwa kuwa mimi ndiye mtunza jiwe. Nilimrudishia shikamoo yake nikaondoka upesi. Ilinipasa kusema neno. Sikusema, na tajiri akaagiza njia ya kwenda kwenye jiwe ifyekwe vizuri zaidi.

Sasa ya leo.

Jana lori lilileta wachimbaji wawili kutoka Nyarugusu, udongo mwekundu bado uko kwenye kucha zao. Asubuhi nikawaandalia punda wa kwenda magadini. Yule mkubwa, mtu wa makamo, mpole, akakataa. "Sisi hatukufuata magadi, ndugu yangu. Tumefuata Jiwe la Kabula. Kule mashimoni hakuna asiyemjua Kabula." Nikavimba kichwa njia nzima. Hata jina la jiwe lenyewe sikulitoa mimi, limejitoa.

Tulipofika walivua kofia. Yule mkubwa akasimama mbele ya ufa akisikiliza, kisha akasema, kama anayejisemea, "Nami nina wangu mmoja, nimemwacha Nyarugusu." Nikamwambia Mungu amkuze. Akageuza kofia yake mkononi, akaendelea kusikiliza.

Huwa natangulia mimi kuingia, nitazame kama kuna nyoka. Leo nikaingiza fimbo ndani kabisa, nyuma ya unga wa akina mama, ikagusa kitu laini. Nikakivuta. Kilikuwa kitambaa kimekunjwa vizuri, pindo la kanga nyekundu na nyeusi. Kanga ile naijua. Niliinunua Tabora mwenyewe, nikampa Milembe. Ndani ya pindo mlikuwa na ushanga mwekundu wa kiunoni, mdogo, wa mtoto mchanga. Nao naujua. Niliutunga kwa mikono hii, nikauma uzi kwa meno.

Nikaukunja tena ndani ya pindo, nikaurudisha mahali pake. Nikawaambia wachimbaji hakuna nyoka.

Hapa lazima niandike jambo ambalo sijawahi kuliandika. Miaka minne iliyopita, tulipokuwa tunakaa Ibadakuli, Milembe alijifungua mtoto wa kike. Hakulia. Wazee waliokuwepo wakasema aliyekuja bila kulia hapewi jina. Nilimbeba mwenyewe mpaka kaburini, mvua ya kwanza ya mwaka ule ikaanza tukiwa njiani, nikarudi nyumbani nimelowa. Hatukumtaja tena. Mimi mwenye maneno ya kumgawia kila mtu sikupata hata moja la kumpa mke wangu. Mwaka uliofuata nikapata kazi hii, nikafurahi kwamba ni mbali.

Hatukupata mwingine. Na huku mtu akishakaa na mke miaka huitwa kwa jina la mtoto. Wageni wa kike humwuliza Milembe, bila ubaya wowote, "Wewe ni Mama nani?" Naye hujibu, "Milembe tu," akaendelea kumimina chai. Mimi huwa nasikia. Hujifanya nahesabu hatamu za punda.

Kwa hiyo ieleweke nilichowaza pale kwenye jiwe. Niliwaza kwamba mke wangu ameuamini uongo wangu. Kwamba miezi yote hii anatembea peke yake juani, anakaa ndani ya ufa kama mwanamke niliyemtunga mimi, anangoja upepo umpe mtoto, na yote hayo kwa sababu siku moja nilitaka mama mmoja mnene asichoke. Nimeona aibu nyingi maishani. Hii ya leo imezipita zote. Wachimbaji walitangulia, mimi nikarudi nyuma yao nikimburuza punda ambaye hakuhitaji kuburuzwa.

Alasiri wageni walipolala nikamfuata nyuma ya jiko. Alikuwa anapepeta choroko. Nikakaa juu ya kinu, na kwa mara ya kwanza nikakosa pa kuanzia. Nikaanza tu.

"Milembe, ile hadithi ya jiwe niliitunga mimi. Hakuna mwanamke, hakuna Kabula. Ule ni upepo."

Akaendelea kupepeta. Halafu akacheka kidogo, kicheko cha puani.

"Bwana, miaka minane naishi na hadithi zako. Wadhani siijui iliyotungwa?"

"Basi kule unafuata nini? Nimeuona ushanga."

Akaweka ungo chini. Akatoa kijiwe kimoja kwenye choroko, akakitupa, akatoa kingine.

"Siku ile ulipoitunga nilikuwepo," akasema. "Nilikuja na birika la chai, nikasimama nyuma yenu. Nikakusikia unasema mtoto wa kike. Ukasema siku ya mvua ya kwanza. Halafu ukampa jina." Akatupa kijiwe kingine. "Nilidhani umemsahau. Kumbe ulikuwa unamtafutia jina."

Nikainama, nikaokota kijiwe kimoja alichokitupa.

"Ibadakuli ni mbali," akaendelea. "Hapa nafika kwa miguu. Nakaa naye kidogo, nasikiliza anavyobembelezwa, narudi kupika."

Ningeweza kunyamaza, nikae na sifa ambayo si yangu. Lakini leo nilikuwa nimeshaanza kusema kweli. Nikamwambia sikujua. Nilipolitaja jina lile nilidhani nimeliokota hewani, na ile mvua niliitia kwa sababu hadithi bila mvua huku haina ladha. Sikuwaza Ibadakuli hata kidogo. Niliapa sikuwaza.

Akanitazama kwa huruma, kama anavyomtazama mgeni aliyepandwa na homa.

"Wewe hukujua," akasema. "Mdomo wako ulijua."

Nililia. Naandika hivyo bila kupamba. Nililia nimekaa juu ya kinu, mchana kweupe, na wachimbaji wamelala dirisha la tatu. Milembe akanifuta uso kwa ncha ya kanga yake, ile ile nyekundu na nyeusi, na hapo ndipo nilipoona kwamba upande mmoja haina pindo. Imekatwa kwa mkasi, imepigwa bandi vizuri. Mimi ninayewaonyesha watu mbuni walio mbali kama nzi nimekula chakula mbele ya kanga hiyo kila siku na sikuwahi kuona.

Nilipotulia nikamwuliza kuhusu wale akina mama wa unga. Nikasema inanipasa kuwaambia kweli, ni dhambi kuwaacha wakingoja.

"Umewauliza wanangoja nini?"

Sikuwa nimewauliza.

"Nao wana wao," akasema. "Waache."

Ndipo nikamkumbuka yule mchimbaji na kofia yake mkononi, na mwanawe mmoja aliyemwacha Nyarugusu, na mimi nilivyomwambia Mungu amkuze. Sasa hivi namwona kutoka hapa barazani, yuko kule uwanjani ameinamia bao na mwenzake, anaitafuta kete. Kesho nitamwomba radhi. Au nitamtilia kahawa na kukaa naye, sijui lipi ni bora.

Nikamwuliza Milembe kama anataka niache kuisimulia hadithi hiyo. Nilikuwa tayari. Siku ya tatu ningewapeleka wageni popote, hata kuhesabu vichuguu.

Akashika tena ungo wake. "Usiache. Walisema hatakuwa na jina. Leo watu wanalitaja mpaka Nyarugusu." Akapuliza makapi. "Ila yule bibi kizee wa Masanja simpendi. Mwanangu hajazeeka."

Nikamwahidi nitazungumza na Masanja.

Kesho kabla jua halijawa kali tutakwenda wote wawili, bila wageni, bila punda. Nitakwenda na uzi mpya, ule wa zamani umeanza kuoza na shanga zitapotea. Sijui nitasema nini nikifika pale. Nimewasemea watu wengi mbele ya jiwe lile, na sijawahi kukaa nikalisikiliza. Labda safari hii ninyamaze.

Jua limezama. Mwiko umenyamaza jikoni, na harufu ya mlenda imefika mpaka hapa. Milembe ameniita nikanawe, nami nikasema ngoja nimalize mstari. Sasa ameita tena, si kwa sauti kubwa, ila wachimbaji nao wamesikia, maana yule mkubwa ameinua kichwa kwenye bao.

"Baba Kabula, ugali unapoa."

Nimegeuka kutazama nani anaitwa. Barazani niko peke yangu.

Nimemjibu, "Nakuja, Mama Kabula."