Siku Ulipokataa Kumtafsiria Baba Yako

Mpendwa dada Marisol,

Namba yako ya simu haipatikani tena, na barua niliyoituma kwenye nyumba ya zamani ya wazazi wako ilirudi na muhuri wa posta. Hector, mwenzetu wa chuoni, ndiye aliyeniambia kwamba umerudi Louisville, unafunga maboksi kwenye ghala, na kwamba karibu nusu ya watu wa zamu yako ni Warundi na Wakongo. Basi nimeamua kukuandikia kwa Kiswahili, tena hadharani. Barua hii itasomwa makanisani na kuzunguka kwenye simu za watu wetu, na yuko mmoja wao anayefunga maboksi pembeni yako. Atakusomea. Namwomba asipunguze neno.

Wengi watakaoisoma hawakujui, kwa hiyo naanza na siku tulipoonana.

Ilikuwa mwaka 2012, wiki yangu ya kwanza chuoni Columbus. Mimi na mama tulitoka nyumbani, Morse Road, kwa mabasi mawili, tukapanga foleni kwenye ofisi ya misaada ya masomo. Mama alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Tulipofika dirishani, karani alisema na mama kwa sauti kubwa, kama watu wanavyosema na kiziwi, nami nikatafsiri. Kazi hiyo nilikuwa nimeizoea. Nilitafsiri tangu nina miaka kumi, tulipotoka kambini Kigoma tukafikia Louisville: kwa daktari, kwa mwenye nyumba, hata shuleni siku mwalimu alipomwita mama kunisemea mimi mwenyewe. Lakini kwenye karatasi aliyotupa karani palikuwa na neno moja nisilolijua. Nikakisia. Mama akasaini.

Wewe ulikuwa nyuma yetu. Uliniuliza polepole kama najua nilichomwambia mama asaini. Nikasema najua. Ukasema, bila ubaya, kwamba sijui, na kwamba hata wewe mwaka uliopita hukujua. Ukaichukua karatasi, ukarudi nasi dirishani, ukamwomba karani aichane. Nilikuwa nimemfanya mama aweke sahihi kwamba tunaukataa ufadhili wangu.

Njiani kurudi mama aliniuliza yule binti ni nani. Nikamjibu ni Mmeksiko. Kwetu kila anayesema Kihispania ni Mmeksiko, na ilichukua miezi kabla sijaona aibu ya kutokukuuliza. Ulizaliwa Honduras, ukakulia Louisville, mtaa ambao mimi niliupita kila siku nikienda shule. Tulikuwa tumekaa mji mmoja miaka yote ile, kabla mimi na mama hatujahamia Columbus, bila kujuana.

Jumatano ya wiki ile ile ulinipeleka kwenye chumba cha jumuiya ya wanafunzi Walatino, wenye asili ya Amerika ya Kilatini, juu ya ukumbi wa kulia, mahali panaponuka vitunguu tangu asubuhi. Ulikuwa mwaka wa pili tu na tayari ulikuwa mwenyekiti wao. Niliketi karibu na mlango nikidhani nimekuja kukushukuru, kisha niondoke. Ukaniuliza kama nina mwandiko mzuri. Nikatoka pale nikiwa katibu.

Sijawahi kukutana na mtu anayefundisha uongozi kama wewe, maana hukuwahi kulitaja neno hilo. Ulikuwa unaingia na kusema tu kwamba leo kikao kinaongozwa na fulani, na fulani mwenyewe anasikia kwa mara ya kwanza. Siku yangu ilipofika sauti ilitetemeka mpaka watu wakainamisha macho. Ulinisogelea ukaninong'oneza nishike ukingo wa meza, niendelee. Nikajikaza kisabuni, nikafika mwisho. Na hukuruhusu mtu kulalamika hewani. Anayelalamika alete siku, saa, na maneno yaliyosemwa. Ndivyo daftari letu lilivyojaa. Kulikuwa na binti aliyemtafsiria mama yake kwamba yeye mwenyewe ameondolewa kwenye masomo ya uuguzi. Kulikuwa na mwingine aliyefika mahali pa kusema "umefeli" akasema "umechoka". Wote walikuwa watoto, wakipewa habari mbaya zao wenyewe wawapelekee wazazi wao kwa mdomo wao.

Kutoka kwenye daftari lile likatoka ombi moja: chuo kiweke wakalimani siku ya wazazi, na kila mzazi anapoitwa ofisini, na mwanafunzi asitumiwe tena kama chombo cha ofisi.

Hapa nataka kusema jambo ambalo hatukulizungumza vya kutosha. Usiku wa kuamkia kura ya jumuiya kulipitisha ombi hilo, mimi nilikuwa nimeongeza mstari: Kihispania na Kiswahili. Hector alisimama akasema hii ni jumuiya ya Walatino, na kwamba tukiomba mawili tutanyimwa yote. Hakusema kwa chuki. Nilikugeukia wewe. Ukasema Hector ana hoja. Mstari wangu ukafutwa mbele yangu, na mimi katibu ndiye niliyeandika kwamba umefutwa. Nilifunga daftari, nikaliacha mezani, nikashuka ngazi.

Siku ya nne ulikuja nyumbani kwetu, Northland. Nilisikia unagonga nikajua ni wewe, kwa sababu watu wetu hugonga huku wakiita. Mama alifungua. Ukanitazama juu ya bega lake ukasema hukuja kwangu, umekuja kwa mama, na unaniomba nimtafsirie. Ukaanza kuomba msamaha hapo hapo kizingitini, na mimi, nikiwa bado na hasira, ikanibidi nimpe mama msamaha wako neno kwa neno: kwamba uliogopa kushindwa, kwamba ulimsahau mwanamke aliyesaini karatasi asiyoielewa.

Mama alisikiliza, kisha akasema, "Mwambie aingie akae kwanza. Msamaha hauombwi mlangoni."

Uliingia, ukala maharage na ndizi, ukaongezewa. Kabla ya kuondoka ulisema mpango wako: mwaka huu tupate Kihispania, mwaka unaofuata turudi kwa Kiswahili, na utaliandika hilo kwa sahihi yako. Sikuupenda mpango ule. Lakini nilikuamini tena, nikalifuata daftari langu.

Kikao na uongozi wa chuo kilifanyika mwezi wa pili wa mwaka 2014, theluji ikiwa imejaa madirishani. Mkuu wa wanafunzi alikuwa mama wa makamo, mpole, asiyejua tu kilichokuwa kikiendelea kwenye madirisha ya ofisi zake. Baba yako alikuwa amekuja kutoka Louisville. Alikaa mbele, kofia mapajani, mikono imepasuka kwa baridi ya kazi. Mama yangu alikuwa pembeni yangu. Mkuu aliwakaribisha wazazi kwa maneno mazuri, kisha akakugeukia akakuomba umtafsirie baba yako.

Ukasema, "Leo simtafsirii baba yangu. Tutasubiri mpaka mtafute mtu."

Mkuu alicheka kidogo akidhani ni utani. Ulikuwa umeshaketi. Hector, ambaye Kihispania chake ni kizuri kuliko cha sisi sote, aliinuka nusu ili aisaidie hali, ukamtazama, akaketi. Msaidizi wa mkuu akatoka kupiga simu. Baba yako akakuuliza kitu kwa sauti ya chini, nawe ukaweka mkono juu ya goti lake. Tulisubiri. Mtu mmoja alifungua jalada, akalifunga. Mimi nilikuwa namnong'onezea mama kila kinachotokea, na kwa muda mrefu hapakuwa na cha kunong'ona isipokuwa kwamba bado tunasubiri. Nadhani ombi letu lilikubaliwa katika ukimya ule, kabla neno lolote halijasemwa. Kila aliyekuwa mezani alionja, kwa mara ya kwanza, kukaa mahali ambapo mambo hayaendi kwa sababu ya lugha.

Hatimaye akaja mwalimu wa Kihispania kutoka jengo la mbali, koti limefungwa vifungo visivyolingana, theluji nyweleni. Ndipo ukasimama.

Ulieleza mwaka wako wa kwanza. Baba yako aliomba ruhusa kazini, akaendesha gari kuja Columbus, akaketi mbele ya afisa mmoja aliyekwambia kwamba cheti fulani cha shule hakijafika, na kwamba ufadhili wako unakoma muhula ule. Akakuomba umweleze baba. Na wewe ukamgeukia baba yako ukasema, "Wanasema ninafanya vizuri." Baba yako akainuka kwa furaha, akamshika yule afisa mkono kwa mikono yote miwili, akamshukuru. Kisha akarudi Louisville, nawe ukaenda kufua mashuka ya hoteli kila mwisho wa wiki ili asijue.

Mwalimu alikuwa akitafsiri sentensi baada ya sentensi, nami nilikuwa nikimtazama baba yako. Mwalimu alipofika kwenye ule mkono wa shukrani, baba yako aliiweka kofia sakafuni. Akasimama, akamtazama mkuu, na mwalimu akayaleta maneno yake kwa Kiingereza taratibu: "Nilimshukuru mtu yule. Mliniacha nimshukuru."

Halafu akakugeukia akasema jambo lingine, na safari hii mwalimu hakutafsiri. Ulinieleza baadaye, tukiwa kwenye ngazi. Alisema mzigo ule ulikuwa wake, na wewe ulimpokonya.

Sijui kama uliwahi kuona alichofanya mama yangu. Wakati wewe na baba yako mmekumbatiana alinyanyuka, akaiokota kofia sakafuni, akaipangusa kwa upande wa kitenge, akakaa nayo mpaka baba yako alipokuwa tayari kuipokea.

Tulipata Kihispania. Miezi michache baadaye mgongo wa baba yako ukaharibika, akashindwa kuinua kitu, na nyumbani kulikuwa na wadogo zako wawili. Ulifunga mizigo ukasema unarudi mwezi wa nane. Mwezi wa nane ukapita. Nilikukasirikia, dada, na sitakuficha. Nilidhani mtu aliyeweza kukisimamisha kikao kizima anaweza kuisimamisha na dunia.

Hukuona yaliyofuata, kwa hiyo nikueleze. Hector alichaguliwa mwenyekiti. Kikao chake cha kwanza alitoa karatasi yenye sahihi yako, akaisoma, akasema deni la jumuiya hulipwa na jumuiya. Yeye mwenyewe ndiye aliyekwenda kwa mkuu kudai Kiswahili. Siku ya wazazi iliyofuata, mkalimani wetu alikuwa baba mmoja Mkongo wa Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa kile kilichochanganyika na Kifaransa, cha "donc, mama, ile bureau njo itakusaidia", yaani ofisi ile ndiyo itakayokusaidia. Mama alicheka mpaka akafuta machozi, lakini alielewa kila kitu, akauliza maswali matatu ambayo mimi nisingeyawaza. Nilikaa pembeni yake mikono mitupu. Tangu utoto wangu sikuwa nimewahi kukaa ofisini na mama yangu nikiwa mtoto wake tu. Nilikutafuta mlangoni, kama mjinga.

Sasa niko Buffalo. Nimeajiriwa katika chuo kimoja hapa, nashughulika na wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Wapo watoto wa Puerto Rico, wa Burundi, wa Kongo, na wazazi wao wengi wako viwandani Tonawanda. Mwezi uliopita wanafunzi hao walikwenda kudai kwamba vikao vya wazazi visiwekwe saa za zamu. Aliyesema kwa niaba yao ni binti wa Puerto Rico ambaye mwezi wa tisa alikuwa hawezi kutaja jina lake bila kuangalia chini. Mimi nilikaa nyuma kabisa, na sikufungua mdomo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na nilielewa ni mara ngapi wewe uliifanya kwa ajili yangu.

Lakini sikukuandikia ili nikusifu. Hector ameulizia kwenye ofisi ya usajili. Alama zako za miaka mitatu zipo, hazijafutwa. Umebakiza mwaka mmoja. Ameniambia baba yako anatembea sasa, na mdogo wako mkubwa amemaliza shule, ameanza kazi. Ameniambia pia ulivyomjibu alipokwambia urudi chuoni, kwamba wakati wako umepita. Una miaka ishirini na minne, Marisol. Mama yangu alijifunza kusoma akiwa na miaka arobaini na moja, kwenye chumba cha chini cha kanisa, akiwa bado na sare ya kazi mwilini.

Yeye bado anakaa Northland. Chumba nilichokiacha amekipaka rangi na kununua mashuka mapya, na watu wawili wamekuja kuomba kukipanga, wote amewaambia kina mwenyewe. Juzi kwenye simu nilimwambia asitumaini sana, kwamba labda hutakuja. Akaniuliza kama nimekuuliza.

Basi nakuuliza.

Mdogo wako,
Goreth
Buffalo