Araceli Si Mvivu

Caacupé, 14 Agosti

Mwanangu Zunilda,

Huku sote wazima, na chipa nilizooka Jumapili, ile mikate yetu ya jibini, ziliisha hata kabla watu hawajatoka misa.

Nina habari ya mwanao. Mwezi wa tano mwalimu wake, Delsy, alikuja nyumbani. Nikamtania Araceli, "Haya, mvivu, umeshashtakiwa!" Kumbe hakuja kushtaki. Alisema amemwangalia kwa wiki nyingi: herufi zinamgeukia, anaruka mistari, na tumbo humuuma kila siku ya kusoma. Siku moja alisoma ukurasa mzima bila kosa, mwalimu akaona kitabu kimefunguliwa pengine kabisa. Alikuwa amekariri kwa kumsikiliza mwenzake!

"Bibi Herminia, huyu si mvivu," akaniambia. "Anajitahidi kuliko darasa zima. Akili anayo, ila afundishwe kwa njia nyingine."

Tangu hapo huja kila alasiri kwa miguu, anamwaga unga wa muhogo kwenye sinia, na Araceli anaandika herufi kwa kidole huku akizitamka. Sijapata kuona mwalimu wa namna hiyo. Jana mtoto alisoma mistari mitatu peke yake, akaruka kwa furaha.

Mimi niliingia jikoni nikalia. Wewe pia, Zunilda, tumbo lilikuwa likikuuma. Nilikuchapa, nikakuita kichwa kigumu, nikakutoa shule ukiwa darasa la nne. Hukuwa mvivu, mwanangu. Nisamehe.

Mwombe Nélida, anayekusomea barua hii, arudie hapo mara mbili.

Mama yako,
Herminia